Shemeji na Nguzo Yake

Mume wa dada yangu tunamwita Spana, na jina hilo halikumwangukia kwa bahati mbaya. Hata akivaa suti ya harusi, mfuko wa nyuma wa suruali haukosi spana. Dada alipiga kelele mpaka koo likamkauka, akachoka. Siku hizi kabla ya kufua anaingiza mkono mfukoni, anaitoa ile spana, anaiweka juu ya friji na kuendelea na shughuli zake.

Kazi yake ni kufunga vibao vya maegesho. Manispaa ilimwajiri enzi zile mimi bado najifunza kunyoa kwa kuwaharibu wadogo zangu vichwa. Ukiona kibao kinakukataza kusimama mahali ambapo jana ulisimama kwa raha zako, ujue ni shemeji yangu aliyepanda ngazi. Madereva wa mji mzima wamemtukana bila kumjua. Mimi nimemtukana nikimjua vizuri, tena mbele yake, na yeye hucheka tu.

Ana ugonjwa mmoja: hawezi kuvumilia kitu kilichopinda. Alipokuja kwetu mara ya kwanza kujitambulisha, wakubwa walikuwa wamejipanga sebuleni, nyuso wamezikunja ili kijana aogope. Spana akaanza kusema lililomleta, akakwama katikati. Macho yalikuwa ukutani, kwenye picha ya marehemu baba. "Samahani kidogo," akasema, akainuka, akaisogeza picha, akarudi nyuma, akafumba jicho moja, akaisogeza tena, kisha akakaa na kuendelea na maneno yake. Baba mdogo alitaka kumfukuza kwa utovu wa adabu. Mama akasema hapana, huyu anafaa, picha hiyo imekaa upande tangu msiba na nyumba nzima mmekuwa mkipita hapo mkiiangalia kama vipofu. Hivyo ndivyo dada yangu alivyoolewa.

Kazini ni vilevile. Vibao hutoka stoo vikiwa vimefungwa karatasi ya kaki ili rangi isikwaruzike. Spana hakivui kibao nguo zake mapema. Anapanda nacho ngazi kikiwa na karatasi yake, anakifunga bolti, anakipima kwa pima maji lake la mbao ambalo haruhusu mtu kuligusa, anakaza nati, anashuka. Ndipo anaibandua karatasi kutokea chini kwa fimbo yenye ndoano. Halafu anafanya lile analolipenda kuliko yote: anatembea kinyumenyume, jicho moja kalifumba, akitazama kutoka mgongoni mwa kibao, ambako nguzo yote inaonekana, kama kingo zimekaa sawa nayo. Akiridhika anaikunja karatasi vizuri, anapakia ngazi, anaondoka.

Siku moja nilimuuliza, "Shem, hivi hicho ulichofunga leo kinasemaje?"

"Kinasema kimenyooka," akanijibu.

Nilidhani anatania.

Sasa nieleze kuhusu nguzo. Mimi ni kinyozi, na kibanda changu kiko kwenye mtaa wenye msongamano kuliko yote mjini, kati ya kliniki ya wajawazito na duka la simu. Mbele ya mlango wangu kuna kivuko cha waenda kwa miguu, yaani pundamilia aliyefutika mpaka kabaki mifupa. Na pembeni kabisa ya kivuko hicho, ng'ambo ya barabara, upande magari yanakotokea, ndipo ilipo nguzo ya maegesho. Ilianza na kibao kimoja, kizuri, cha heshima: USIEGESHE. Mtu akakielewa, akaondoka.

Halafu manispaa ikaanza kufikiri. Kikaja kibao cha pili: ISIPOKUWA MAGARI YA MIZIGO. Cha tatu: ASUBUHI TU. Cha nne kikasema WENYE VIBALI WANARUHUSIWA, kikiwa na mshale wa kushoto, na cha tano kikasema VIBALI HAVITUMIKI HAPA, kikiwa na mshale wa kulia, na mishale ile ilikuwa inatazamana uso kwa uso kama majirani waliogombana. Kikaja cha teksi. Kikaja cha wagonjwa. Kikaja kilichoandikwa ANGALIA MASHARTI CHINI, na chini yake kingine kilichoandikwa KAMA ILIVYOELEZWA JUU. Mwishoni kabisa, kwa herufi nene kuliko zote, kulikuwa na kile cha GARI LITAVUTWA. Hicho ndicho pekee ambacho kila mtu alikielewa.

Utauliza kwa nini havikutolewa vile vya zamani. Kwa sababu manispaa ina utaratibu wake: anayefunga hafungui. Kuondoa kibao ni kazi ya ofisi nyingine, na ofisi hiyo haigusi nati bila ruhusa ya yule aliyeagiza kibao kiwekwe, na huyo kila akitafutwa anakuwa ameshahamishwa. Kwa hiyo nguzo ilikuwa inajaa tu. Juu kulipokwisha nafasi, Spana akaanza kushuka. Akashuka, akashuka, mpaka vibao vikafika usawa wa kifua cha mtu mzima. Vyote vimenyooka, lakini! Ungeweza kupitisha uzi kutoka cha juu mpaka cha chini usiguse kona.

Mimi nilikuwa naiona hatari ile kila siku nikiwa na mashine mkononi. Gari linakuja, linapunguza mwendo, dereva anachomoza kichwa dirishani kama kobe, midomo inacheza. Anasoma. Walio nyuma wanapiga honi. Pikipiki inapanda njia ya miguu. Na yule dereva mwenyewe, macho yako juu kwenye maandishi, gari linatambaa mbele kuelekea kivuko, na mtu aliyesimama nyuma ya vibao akisubiri kuvuka haonekani isipokuwa viatu. Muuza soksi wa pale mtaani alipigwa na kioo cha teksi hivyohivyo, akaanguka na soksi zake, mkono ukateguka. Dereva wa teksi alilia akaapa kwamba hakumwona. Nami namwamini.

Nilimwambia Spana. Nilimwambia, "Shem, hivyo vibao vya chini vinaficha watu."

"Juu kumejaa," akasema, kwa sauti ya mtu anayetoa taarifa ya hali ya hewa.

Aliyeumia zaidi kwa nguzo ile, kabla mambo hayajaharibika, alikuwa dada yangu mwenyewe. Dada ni dereva wa dobi. Miaka mingi alipiga pasi pale, amesimama siku nzima katika mvuke, miguu inavimba. Kisha akajifunza kuendesha gari kimyakimya, siku zake za mapumziko, akapata leseni, akaenda kwa tajiri wa dobi akamwambia: dereva wako anakunywa, mimi sinywi. Akapewa gari. Ni gari dogo jeupe linalonukia sabuni, na ukitaka ugomvi na dada yangu egemea bampa lake. Mwanamke ni yeye peke yake katika madereva wote wa pale, na akishika usukani anakaa wima na kidevu juu, utadhani anapita mbele ya jukwaa la wageni rasmi.

Kila asubuhi hupeleka mashuka masafi kliniki, jirani yangu. Na kila mara, akirudi kutoka ndani na mashuka machafu, roho inakuwa juu: gari lipo au limefungwa mnyororo? Akikuta mnyororo, hamlaumu askari. Anampigia simu mumewe.

"Nguzo yako imenifunga tena!"

"Si nguzo yangu, ni ya manispaa."

"Kwani mume wa nguzo ni nani? Si wewe uliyempandia ngazi?"

Watu wakaanza kulalamika kwa wingi. Madaktari wa kliniki walilalamika, wenye maduka tulilalamika, hata mtangazaji mmoja wa redio akaitania nguzo yetu hewani. Manispaa wakasema wamesikia kilio cha wananchi. Wakakaa vikao. Na baada ya vikao wakamtuma Spana alete suluhisho, likiwa limefungwa karatasi ya kaki.

Ilikuwa asubuhi, mtaa umefurika. Mimi nilikuwa na mteja kwenye kiti, mwalimu wa shule ya jirani, nusu ya kichwa nimemaliza na nusu bado. Namwona Spana kupitia kioo. Kibao kipya amekifunga chini kabisa, ambako ndiko kulikobaki nafasi. Anaibandua karatasi. Anafumba jicho. Anaanza kurudi kinyumenyume, hatua kwa hatua, uso umejaa raha, anatoka nyuma ya vibao na kushuka barabarani kwenye pundamilia.

Na gari jeupe ndilo hilo linakuja.

Lilikuwa linakwenda polepole, nimshukuru Mungu kwa hilo. Dada kaliona lile bango jipya ambalo jana halikuwepo, na kwa kuwa ameshachoka kufungwa mnyororo, akainama juu ya usukani alisome. Nilipiga kelele. Mteja wangu akadhani nimemkata, naye akapiga kelele. Kisha nikasikia kishindo kidogo, si kikubwa, kama gunia limeshushwa.

Nilitoka mbio, mwalimu nyuma yangu na kitambaa changu shingoni. Spana kalala chali, mguu wa kulia umekaa vibaya, namna ambayo hata mtu asiyejali kupinda angeona umepinda. Dada katoka garini akiwa hana rangi. Alipomwona ni nani alikaa chini pale pale kwenye lami.

Spana akafungua macho. "Kimenyooka?" akauliza.

"Kimenyooka, shem. Nyamaza," nikamwambia.

"Ulikuwa unaangalia wapi?" akamuuliza mkewe.

"Nilikuwa nasoma kibao chako," dada akasema, akaangua kilio.

Nikageuka nikakisoma. Kilikuwa kimeandikwa hivi: MADEREVA, KWA USALAMA WENU, SOMENI VIBAO VYOTE KABLA YA KUSIMAMA.

Tulimbeba kwa shuka za dobi, zilizopigwa pasi, tukamwingiza kliniki kwa kuwa ndiyo iliyokuwa karibu. Muuguzi akatuambia hapa tunapokea wajawazito. Nikamwambia huyu tumbo analo, angalia vizuri. Akacheka, akamfunga mguu kwa vipande vya mbao na bandeji mpaka gari la wagonjwa likafika. Nalo lilichelewa, kwa sababu halikupata pa kusimama.

Hapo ndipo utani ulipokwisha. Trafiki walifika, wakapima kwa kamba, wakapiga picha, wakachukua leseni ya dada. Kosa: kuendesha bila uangalifu na kumgonga mtu kwenye kivuko. Tajiri wa dobi hakuwa mtu mbaya, lakini alisema wazi kwamba anasubiri uamuzi. Leseni ikirudi, gari lipo. Leseni ikienda, ameshapata mwingine wa kuendesha, na kwenye pasi pia nafasi zimejaa. Dada alirudi nyumbani, akavua lile koti lake la kazi, akalitundika nyuma ya mlango, na kwa wiki kadhaa sikumsikia akiongea zaidi ya maneno ya lazima.

Spana alikuwa kitandani na plasta kuanzia kwenye kidole mpaka juu ya goti. Mama alihamia kwao kumuuguza. Mama yetu anampenda mkwe wake kuliko anavyotupenda sisi aliotuzaa, na halifichi jambo hilo. "Mwanangu, kula," anambembeleza, "mwanangu, geuka." Kisha anamtazama dada kana kwamba alimgonga makusudi. Dada anapika, anafua, anamwogesha mumewe, anampa dawa. Waliishi katika chumba kimoja kama wasafiri wawili wanaosubiri basi tofauti.

Nilimuuliza dada, "Umemwomba akusemee?"

"Nimwombe nini?" akanijia juu. "Anajua nilichokuwa nafanya. Na anajua kwa nini. Nikimwomba, atasema kwa sababu nimemwomba. Sitaki."

Ndugu yangu, kiburi cha watu wa kwetu kingekuwa mafuta tusingenunua petroli.

Siku moja kabla ya kuitwa ofisi ya trafiki, akaja mgeni. Alikuwa bwana kutoka manispaa, kafunga tai, kabeba mfuko wa machungwa. Mimi nilikuwa nimekwenda kumnyoa Spana ndevu pale kitandani, hivyo nilisikia yote. Bwana Tai alimpa pole ndefu. Kisha akasogeza kiti.

"Mzee wetu, kesho watakuuliza kuhusu vibao. Wewe sema tu vilikuwa wazi. Ni jambo dogo. Dereva hakuangalia mbele, basi."

"Dereva ni mke wangu," Spana akasema.

"Najua, na tunasikitika. Lakini fikiria. Ukisema vibao vina tatizo, watu watauliza nani aliyevifunga. Na ulikuwa unafanya kazi barabarani bila koni, bila kufunga njia. Hilo sisi hatujalisema mahali popote. Umebakiza muda mfupi ustaafu kwa heshima, mzee. Usijiharibie."

Spana alikuwa anaangalia tai ya yule bwana, iliyokuwa imekaa upande. Nilingoja ainyooshe. Hakuinyoosha, na hilo lilinitia hofu kuliko maneno yote yaliyosemwa.

Bwana Tai alipoondoka nilimwambia shemeji yangu ukweli. "Shem, mimi ni kinyozi, sina adabu. Ukimwangusha dada yangu kesho, nywele zako utanyolewa na mtu mwingine, na mimi nitakuwa nakuamkia barabarani tu."

"Maliza ndevu," akasema.

Ofisi ya trafiki ilikuwa chumba chenye meza ndefu, feni inayogeuka shingo, na viti visivyofanana. Aliyekaa mbele alikuwa afande mmoja mwanamke, mtu mzima, miwani iko ncha ya pua. Dada alikaa upande mmoja, mikono mapajani. Bwana Tai upande mwingine. Spana tulimweka katikati, mguu wa plasta umenyooshwa mbele ukifunga njia, na kila aliyepita aliukwaa.

Mimi niliulizwa kwanza, nikaeleza nilichokiona. Dada akaulizwa. Akasema, "Nilikuwa nasoma kibao. Sikumwona. Nimemgonga mume wangu, afande, siwezi kusema sikumgonga." Bwana Tai akaandika kitu kwa furaha.

Afande akamgeukia Spana. "Mzee, wewe ndiye uliyefunga kibao kile?"

"Ndimi."

"Kilikuwa wazi?"

"Kilikuwa kimenyooka, afande."

"Sijakuuliza kunyooka. Kilikuwa kinasema nini?"

Spana akaangalia dari. Aliangalia mguu wake. "Sijui," akasema.

"Hujui?"

"Sikukisoma."

Bwana Tai akakohoa. Afande akavua miwani. "Na hivyo vingine vya kwenye nguzo?"

"Vyote nimevifunga mimi. Kile cha juu kabisa nilikifunga huyu mke wangu akiwa bado mchumba."

"Navyo vinasemaje?"

Nilimwona shemeji yangu akitokwa jasho. Nilikuwa nimemzoea mtu asiyeshituka, anayepanda ngazi kwenye upepo akipiga mluzi. Sasa alikuwa anahaha kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni.

"Afande," akasema, "sijawahi kusoma hata kimoja. Vinakuja na karatasi. Mimi naangalia kingo. Maneno nilijua ni ya ofisi."

Afande akachukua picha kubwa ya nguzo waliyoipiga siku ile, akamsogezea mezani. "Basi soma sasa. Kwa sauti. Hatuna haraka."

Spana akasoma. Alianza juu, kwa ujasiri, USIEGESHE. Akashuka. Isipokuwa. Asubuhi tu. Vibali. Alipofika kwenye mishale aliigeuza picha, akairudisha. Aliposoma angalia chini, akaangalia chini. Aliposoma kama ilivyoelezwa juu, akarudi juu. Akaanza upya. Mtu mmoja nyuma akacheka, afande akamtazama akaacha. Mara ya pili Spana alisoma polepole zaidi, kidole kikifuata mstari, na alipofika kwenye kile kibao cha mwisho, cha someni vibao vyote, kidole kikasimama.

"Haya," afande akasema. "Mke wako asubuhi ile aliruhusiwa kusimama pale, au hakuruhusiwa?"

"Sijui."

"Ungekuwa wewe ndiye dereva ungefanya nini?"

"Ningesimama katikati ya barabara nikalia."

Hata afande aliuma mdomo. Lakini Spana hakuwa anachekesha. Aliiweka ile picha mezani na sauti yake ikabadilika.

"Mke wangu hakuniona. Angenionaje? Nilikuwa nimetokea nyuma ya kazi yangu mwenyewe. Hivi vya chini nimevishusha mimi, hakuna aliyeniambia nivishushe. Shemeji yangu huyu aliniambia vinaficha watu, nikamwambia juu kumejaa. Kuna muuza soksi aligongwa hapo, nikasikia, nikasema madereva wa siku hizi wajinga. Na siku ile nilishuka barabarani bila koni, jicho moja nimelifumba. Mtu aliyekuwa anaendesha kwa makini pale ni yeye peke yake. Alikuwa anasoma kama alivyoambiwa."

"Mzee!" Bwana Tai akasema. "Unaelewa unachokisema?"

"Leo ndiyo naelewa. Nimesoma." Akamgeukia afande. "Mkitaka kumnyang'anya mtu kitu, mimi leseni sina, nina ngazi. Chukueni ngazi."

Dada alikuwa ameinamisha kichwa. Nilidhani analia, na kweli alikuwa analia, lakini mkono wake ulikuwa umeshafika kwenye goti la mumewe, juu ya plasta, amelishika kwa nguvu mahali ambapo mwenyewe hawezi hata kuhisi. Mimi nilijivunia shemeji yangu siku ile kuliko ninavyoweza kusema, na nilimwonea huruma vilevile, maana nilijua ameshaikata kamba aliyokuwa akining'inia maisha yake yote.

Leseni ilirudi, pamoja na onyo la kuangalia mbele. Bwana Tai aliambiwa abaki aelezee nguzo. Wiki hiyohiyo gari la manispaa lilikuja nyumbani kuchukua ngazi na kofia ya kazi, na Spana akaambiwa apumzike mpaka siku ya kustaafu ifike, asisumbuke kuja. Hawakumwambia asante. Mama alitoka nje akawaambia vijana waliokuja maneno ambayo siwezi kuyaandika.

Nguzo bado ipo. Ofisi inayohusika inatafuta ruhusa.

Asubuhi ya kwanza dada aliporudi kazini, nilikuwa mlangoni nafagia nywele. Naona gari jeupe linakuja, na pembeni ya dereva kakaa Spana, magongo yamechomoza dirishani. Kisha kichwa chake kikatoka, akaanza kusoma kwa sauti, kibao baada ya kibao. Dada hakuinua macho hata mara moja. Alikuwa anatazama kivuko. Alimsimamia bibi mmoja mwenye kikapu akapita, akawasimamia watoto wa shule, na walio nyuma wakapiga honi mpaka wakachoka.

"Geuza kichwa basi unisaidie," Spana akalalamika. "Hapa kwenye mishale sielewi."

"Soma wewe," dada akamjibu. "Mimi naangalia watu."

"Kinasema tunaweza. Halafu kinasema hatuwezi."

"Basi hatuwezi. Twende."

Wakaenda kuegesha kule nyuma ya soko, kwenye uwanja usio na kibao chochote, wakarudi kwa miguu. Ni mwendo mrefu kwa mtu wa magongo. Dada alikuwa na furushi la mashuka kichwani, na Spana alikuwa na foronya za mashuka hayo shingoni. Walipofika kwenye kivuko Spana akasita nyuma ya vibao, akichungulia pembeni, na kwa mara ya kwanza niliona mzee yule akiiogopa barabara. Dada akatangulia mpaka mbele kabisa ya nguzo, mahali ambapo kila dereva angemwona, akainua mkono magari yakasimama. Kisha akageuka nyuma.

"Pita, mume wangu," akamwambia. "Nakuona."

Spana akapita.